Filamu irudi nyumbani: kibanda cha video si mlezi wa watoto wa Kivu

GOMA – Masomo yakiisha, kuna milango miwili inayowangoja watoto wengi wa Majengo, Katoyi, Ndosho na Mugunga. Wa kwanza ni mlango wa nyumbani, ambako mara nyingi hakuna mtu: mama yuko sokoni, papa yuko kwenye pikipiki au anazunguka kutafuta kibarua. Wa pili ni pazia la kibanda cha video, kile watoto wanakiita "sine". Ndani kuna giza, mabenchi ya mbao, televizyo moja, jenereta inayonguruma nyuma ya ukuta, na sauti ya mtu anayetafsiri filamu kwa makelele na mizaha. Mtoto akitoa franka zake, hakuna anayemuuliza ana miaka mingapi.

Hali ni hiyohiyo kule Kadutu mjini Bukavu, na pia Beni, Butembo na Bunia. Kila mara jambo baya likitokea kwenye kartie, wazazi wanalalamika kwamba vibanda vya video vimeharibu watoto. Mikutano inafanyika, shefu wa avenyu anaitwa, kibanda kinafungwa siku tatu, kisha kinafunguliwa tena. Na mambo yanaendelea kama jana.

Ukweli ni kwamba kosa la kwanza haliko kwa mwenye kibanda. Yeye ni mchuuzi, anauza kile ambacho watu wanakuja kununua. Kosa la kwanza liko ndani ya familia. Wazazi wameacha filamu iwe kitu ambacho mtoto anaenda kukitafuta nje, peke yake, kati ya watu asiowajua, wakati ingefaa iwe kitu ambacho familia nzima inafanya pamoja, siku moja kila juma, ndani ya nyumba, na hata ndani ya hema. Siku hiyo ya filamu ya familia si anasa ya watu wa Ulaya wala ya wenye nyumba za ghorofa. Kwa familia za mashariki ya Kongo, na zaidi kwa zile zilizokimbia vita, ni kazi ya malezi ambayo imeachwa bila mtu.

Nani anamlea mtoto ndani ya giza lile?

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwenye kartie zetu ulimwengu huo umejipangia saa na bei. Unafunza kila siku, hauchoki, na haurudishi mtoto nyumbani kwa wakati.

Somo linalotolewa kila mtu analijua. Mtu mmoja mwenye bunduki anaingia kijijini, anaua watu 50, nyumba zinaungua, na watazamaji wanapiga makofi. Mwanamke anavutwa kwa nywele, na anayetafsiri anatia mzaha ili watu wacheke. Filamu haina mwanzo wala mwisho kwa mtoto aliyeingia katikati, ana mapigano tu. Usiku ukikaribia, filamu za watu wazima zinaanza, na mtoto aliyejificha kwenye benchi la nyuma anabaki.

Kwa mtoto wa nchi yenye amani hiyo inaweza kuwa michezo mibaya tu. Kwa mtoto wa Kivu ni jambo lingine. Huyu ni mtoto aliyesikia risasi za kweli. Watoto wa Goma walipitia mwisho wa Januari 2025, wakati mapigano yalipoingia mjini, maji na umeme vikakatika, na familia zikalala chini ya vitanda. Watoto wa Beni na Ituri wamekua wakisikia habari za watu waliochinjwa shambani. Mtoto huyo akikaa katika giza na kuona nyumba ya filamu ikiungua, hana mtu pembeni wa kumwambia: huu ni mchezo, yule aliyekufa ameamka na kwenda kula. Kinachobaki kichwani ni kitu kimoja: mwenye bunduki ndiye anayeogopwa, na anayeogopwa ndiye mtu.

Filamu peke yake haimpeleki mtoto porini. Njaa inampeleka, kisasi kinampeleka, nguvu ya watu wakubwa inampeleka. Lakini nchi hii iliwaona kadogo wakiingia miji kwa miguu katika vita vya 1996 na 1997, wakiwa na bunduki ndefu kuliko wao, na hadi leo makundi yenye silaha hayajaacha kutafuta watoto. Mzazi wa nchi ya namna hiyo hana ruhusa ya kusema kwamba picha ambazo mtoto wake anakula kila siku hazimhusu.

Sheria ipo, lakini sheria haikai sebuleni

Kongo ina sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda mtoto. Kongo pia ilikubali Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao kifungu chake cha 31 kinasema mtoto ana haki ya kupumzika, kushiriki mambo ya utamaduni, na kucheza na kupata burudani inayolingana na umri wake. Maneno hayo ya mwisho ni mazito. Mtoto ana haki ya burudani, na burudani hiyo ilingane na umri.

Viongozi wa kartie na wa komine wana kazi yao, na hawaifanyi. Kibanda kinachopokea watoto saa za masomo kingefungwa. Filamu za watu wazima zisingeonyeshwa mahali ambapo pazia ndilo mlango. Saa 12 jioni, mtoto asingeonekana kwenye benchi lile bila mzazi. Haya hayahitaji bajeti ya serikali. Yanahitaji kiongozi anayepita na kuangalia, na asiyekubali kunyamazishwa na soda.

Hata hivyo, tuseme vibanda vyote vimefungwa kesho. Mtoto ataenda wapi? Atakaa kwa jirani mwenye simu kubwa, ataangalia yaleyale kwenye skrini ndogo zaidi, akiwa amejificha zaidi. Kufunga mlango mmoja bila kufungua mwingine ni kumhamisha mtoto tu, na mashariki ya Kongo watoto wamehamishwa vya kutosha.

"Hatuna makuta"

Hiki ndicho kisingizio cha kwanza, na ndicho kinachoheshimika zaidi, kwa sababu umaskini ni wa kweli. Lakini hesabu ifanywe.

Tuseme mtoto anatoa franka 500 kila anapoingia kwenye kibanda, na anaenda mara tatu kwa juma. Hiyo ni franka 1500. Kwa majuma manne ni franka 6000. Familia yenye watoto wawili wanaoenda inatoa franka 12 000 kwa mwezi bila kujua, kwa sababu makuta hayo hayaombwi kwa jina lake. Yanatoka kwenye chenji ya makala, kwenye pesa ya kalamu, kwenye kopo la unga lililopunguzwa njiani. Makuta yapo, ila yanapita mlango wa nyuma.

Upande wa pili, familia inahitaji nini? Simu moja yenye skrini, ambayo katika nyumba nyingi iko tayari mfukoni mwa papa au mwa kijana mkubwa. Kadi ya memori yenye filamu chache, ambazo vijana wanaotia nyimbo kwenye simu kando ya barabara wanaziweka kwa bei ndogo. Umeme wa kuchaji, ama wa nyumbani, ama wa jirani mwenye pano ya jua, ama wa kijana wa kuchajisha simu pale kwenye kona. Simu inaegemezwa kwenye kopo juu ya meza au juu ya bidoni iliyopinduliwa, taa inazimwa, watu sita wanakaa karibu. Hiyo ndiyo sinema. Mwenye televizyo ana bahati zaidi, lakini asiye nayo hajanyimwa kitu.

Na nyumba isiyo na simu ya skrini ina redio. Mchezo wa kuigiza wa redioni, ukisikilizwa na wote kwa pamoja siku ileile ya kila juma, unafanya kazi ileile, kwa sababu familia inasikia hadithi moja kwa wakati mmoja na baadaye inaizungumzia.

"Ni mambo ya wazungu"

Wazee wengine wanakataa wakisema kwamba familia ya Kiafrika haikai mbele ya skrini. Wana haki kuogopa, lakini wamesahau walichokuwa nacho wenyewe. Kabla ya televizyo, jioni ilikuwa na moto katikati, mahindi au mihogo kwenye makala, na bibi mwenye hadithi za sungura na chui. Wanande walikuwa na kyaghanda, pale wanaume wazee walikaa na vijana kusikia na kusema. Baraza la jioni lilikuwa shule. Hakuna mtoto aliyeachwa na hadithi peke yake. Aliisikia kati ya watu wake, na mwisho wake alipewa maana.

Vita vimezima moto huo. Bibi alibaki Masisi au Rutshuru, au alikufa njiani. Papa yuko Goma, mtoto mmoja yuko kwa shangazi Bukavu, mwingine kambini Uganda. Waliobaki pamoja wanalala katika chumba kimoja, lakini kila mmoja yuko na simu yake au na mawazo yake. Siku ya filamu haiji kuua desturi. Inakuja kukaa kwenye nafasi ambayo desturi iliiacha wazi, na inaweza kuirudisha. Filamu ikiisha, mama aliyekaa kimya miezi sita anaweza kusema: "Hii inafanana na hadithi ambayo mama yangu alitusimulia." Basi asimulie. Siku hiyo filamu imefanya kazi yake.

Wengine wanasema filamu ni za shetani. Jibu ni fupi. Filamu ya maisha ya Yesu iliyotengenezwa mwaka 1979 imeonyeshwa kwa Kiswahili vijijini na makanisani, na hakuna mchungaji aliyelia kwamba skrini imemchafua. Skrini ni kama kisu cha jikoni, inategemea mkono unaoishika. Wachungaji, mapadri na mashehe wangefaa kuwaambia waamini wao maneno haya: kaa na mtoto wako, angalia anachoangalia, usimtume kwa mtu mwingine.

"Sisi ni wakimbizi, tunataka unga"

Hapa ndipo neno linakuwa gumu, na ndipo linapaswa kusemwa bila kuogopa.

Familia nyingi zilizokuwa kwenye kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo ziliondoka Februari 2025 wakati kambi zilizozunguka Goma zilipovunjwa. Wengine walirudi vijijini na kukuta nyumba bila paa. Wengine wako katika familia zilizowapokea, watu 12 au 15 katika nyumba ya mbao iliyojengwa kwa watu 5. Kuwaambia watu hao habari za filamu kunaweza kuonekana kama dharau. Unga kwanza, dawa kwanza, usalama kwanza. Hakuna anayepinga.

Lakini mkimbizi hakupoteza unga peke yake. Alipoteza jana na kesho. Mtoto aliyehama mara tatu hajui tena Jumatatu inatofautiana vipi na Ijumaa, kwa sababu hakuna masomo, hakuna shamba, hakuna siku ya soko aliyoizoea, kila siku ni kungoja. Kitu kinachorudi kila juma, kwa saa ileile, na watu walewale, ni kama mti mmoja uliosimama kwenye shamba lililoungua. Mtoto anaanza kuhesabu: bado siku tatu, bado siku mbili, leo. Mtoto anayehesabu siku ni mtoto aliyeanza tena kungoja jambo jema.

Na mzazi naye amepoteza kitu ambacho hakuna shirika linalokigawa: uso wake mbele ya watoto. Papa aliyekuwa na ng'ombe na shamba la viazi sasa anasimama kwenye foleni kuomba. Watoto wanamwona. Wanaona kwamba chakula kinatoka kwa watu wengine, amri zinatoka kwa watu wengine, na hata nafasi ya kulala inatoka kwa wengine. Siku ambayo papa huyo anasema, "Leo ni Jumamosi, tunakaa wote, nimechagua filamu," amefanya jambo dogo ambalo limetoka kwake. Hakulipewa. Watoto wanajua tofauti.

Ndani ya nyumba iliyopokea wageni, siku hiyo inafaa pia kwa amani ya nyumba. Familia mbili zinagombana kwa sababu ya choo, maji na makala. Watoto wa mwenye nyumba wanawaita wenzao "wakimbizi". Wakikaa kwenye mkeka mmoja, wakacheka kwa jambo moja, kesho ni vigumu kutukanana kwa jina lile. Kwa hiyo mwenye nyumba asiwafungie wageni mlango siku ya filamu. Akiwafungia, amefanya kibanda kingine.

Papa yuko wapi?

Mara nyingi papa yuko kwenye nganda. Siku ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, hakuna anayelia kwamba hakuna umeme, hakuna makuta, hakuna usalama. Wanaume wanapata skrini, wanapata chupa, wanarudi usiku wakijua majina yote ya wachezaji wa Madrid na London. Ukiwauliza mtoto wao wa tatu yuko darasa la ngapi, wanamwangalia mama.

Kazi ya siku ya filamu isiachwe kwa mama peke yake. Mama ameshapika, ameshafua, ameshachota maji. Akipewa na kazi ya kuchagua filamu, kuwanyamazisha watoto na kujibu maswali, desturi itakufa juma la tatu. Na simu isiwe ya papa tu. Simu ambayo watoto wanaona inatoka kila mara kwa ajili ya muziki wa papa na marafiki wa papa, lakini haina nafasi kwa ajili yao, inawafunza kwamba wao si watu wa maana ndani ya nyumba.

Namna ya kuifanya ishike

Desturi haiji kwa maneno makubwa. Inakuja kwa mambo madogo yanayorudiwa.

Siku iwe moja na ijulikane. Jumamosi kwa wengi, Jumapili baada ya ibada kwa wengine, Ijumaa kwa Waislamu baada ya sala za jioni. Isihamishwe kwa sababu ya mgeni au uchovu. Siku ikihamishwa mara mbili, watoto hawataiamini tena.

Saa ifuate usalama. Kwenye kartie ambazo wezi wenye silaha wanapita usiku, mwanga wa skrini na kelele za watoto zinaita hatari. Huko filamu iangaliwe saa 9 au saa 10 mchana, pazia likiwa limefungwa, sauti ikiwa chini. Hakuna aliyeandika kwamba lazima iwe usiku. Kilicho cha lazima ni kuwa pamoja.

Mtu mzima aiangalie filamu kwanza, au awaulize walioiona. Jina zuri na picha nzuri si dhamana. Filamu ikileta jambo lisilofaa katikati, mzazi asione haya kusimamisha na kusema kwa nini amesimamisha. Watoto wanajifunza zaidi pale kuliko kwenye saa nzima ya mapigano.

Watoto wadogo sana wasikalishwe mbele ya skrini kama dawa ya kuwanyamazisha. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto chini ya miaka 2 hafai kuwekwa mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi. Mdogo alale mgongoni mwa mama, au filamu ikatwe mara mbili, nusu juma hili na nusu juma lijalo. Kukata kunasaidia pia betri ya simu.

Lugha isiwe ukuta. Filamu nyingi ziko kwa Kifaransa au Kiingereza, na bibi hasikii. Basi kijana aliyefika sekondari atafsiri kwa Kiswahili, Kinande, Mashi au Kinyarwanda, lugha yoyote ya nyumba. Mtafsiri wa kibanda anatafsiri ili watu wacheke damu. Mtafsiri wa nyumbani ni ndugu, anatafsiri ili bibi asibaki nyuma.

Na filamu ikiisha, watu wasitawanyike. Dakika 15 zinatosha. Nani alikosa? Wewe ungefanya nini? Kwa nini yule mama alilia? Maswali hayo ndiyo filamu ya pili, na ndiyo yenye faida.

Filamu zipo

Wazazi wengine wanasema hakuna filamu nzuri za watoto wa Kiafrika. Hazitoshi, ni kweli, lakini zipo.

Ipo *Kirikou et la sorcière*, filamu ya michoro ya Mfaransa Michel Ocelot ya mwaka 1998, yenye Kifaransa chepesi. Mtoto mdogo kupita wote kijijini anamkabili mchawi Karaba ambaye watu wanaamini amewameza wanaume wa kijiji. Wengine wanauliza namna ya kumwepuka. Kirikou anauliza swali moja tu, na analirudia: kwa nini Karaba ni mbaya? Mwisho anajua kwamba wanaume walimchoma mwiba mgongoni, na maumivu hayo hayamwachi. Kirikou anautoa kwa meno yake. Wanawake wa filamu hiyo wamechorwa kifua wazi kama vijijini zamani, na mzazi aliyeonywa mapema ataeleza bila shida. Mahali ambapo kila kabila lina mwiba wake mgongoni na kila mtu anamwita jirani mchawi, ni filamu gani nyingine ya watoto inayouliza swali linalohitajika zaidi Kivu?

Ipo *Queen of Katwe* ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair. Inasimulia maisha ya kweli ya Phiona Mutesi, msichana wa mtaa maskini wa Katwe mjini Kampala, muuza mahindi aliyekuja kuwa mchezaji mkubwa wa chesi. Familia yake inafukuzwa nyumbani, inalala mahali pasipo na paa zima, na mama, anayechezwa na Lupita Nyong'o, hakubali kuuza utu wake. Mtoto wa mkimbizi ataijua nyumba ile.

Ipo *The Boy Who Harnessed the Wind* ya mwaka 2019, ya Chiwetel Ejiofor, kuhusu William Kamkwamba wa Malawi. Wakati wa njaa, kijana aliyefukuzwa shule kwa kukosa karo anatengeneza kinu cha upepo kwa vyuma vya takataka na baiskeli ya baba yake. Papa na kijana wake wakiiangalia pamoja watakuwa na mambo ya kusema, kwa sababu ndani yake baba anakataa kwanza, kisha anakubali.

Kwa vijana wakubwa ipo *Sarafina!* ya mwaka 1992, juu ya wanafunzi wa Soweto. Ina matukio mazito, kwa hiyo isiwe ya wadogo. Ipo *La vie est belle* ya mwaka 1987, ambamo Papa Wemba anacheza kijana wa kijijini anayefika Kinshasa kutafuta muziki. Wazazi watacheka na kuimba, na watoto watawaona wazazi wao wakiwa vijana tena. Kwa watu wazima ipo *L'homme qui répare les femmes* ya Thierry Michel, ya mwaka 2015, juu ya daktari Denis Mukwege wa Panzi. Serikali ya Kongo iliizuia mwaka huohuo kabla ya kuiachia. Mke na mume waiangalie watoto wakiwa wamelala, kisha waamue wao wenyewe watawaambia nini binti na wavulana wao.

Goma pia si mji usiojua sinema. Kituo cha utamaduni Yolé!Africa kimefundisha vijana wa hapa kushika kamera, na tamasha za filamu zimefanyika mjini katikati ya miaka ya vita. Vijana hao wangeombwa kazi moja zaidi: kuwatengenezea watoto filamu fupi kwa Kiswahili cha hapa, zinazoingia kwenye kadi ya memori na kupita kutoka simu hadi simu. Mashirika yanayofungua nafasi za kucheza za watoto kwa ajili ya waliohama nayo yangefaa kuwasaidia wazazi kufanya hivyo nyumbani, badala ya kuwakusanya watoto tu na kuwarudisha jioni kwa wazazi ambao hawakujua kilichoonyeshwa.

Juma hili, si amani ikirudi

Watu wa mashariki ya Kongo wamejifunza neno moja baya: "tukirudi". Tukirudi kijijini tutaoa, tukirudi tutasomesha, tukirudi tutakaa kama familia. Wengine wanalisema neno hilo tangu miaka ya 1990. Waliokuwa watoto wakati ule sasa ni wazazi, na hakuna aliyewarudishia jioni zile walizozikosa.

Mtoto wa miaka 8 atakuwa na miaka 9 mwaka ujao, vita vikiisha au visipoisha. Hawezi kuwekwa kwenye gunia na kungojewa. Kibanda cha video hakimngojei. Wenye kutafuta vijana wa kushika bunduki hawamngojei. Aliye na haki ya kumkalisha karibu na kumwambia "ngoja, angalia hapa, hili lina maana hii" ni mzazi wake, na haki hiyo isipotumika inachukuliwa na mwingine.

Kwa hiyo wazazi wasingoje tangazo la shefu wala mradi wa shirika. Siku ichaguliwe leo, na watoto waambiwe. Makuta ya kibanda yawekwe kwenye kopo, na Jumamosi yanunue filamu moja na karanga za kutafuna. Simu ichajiwe mapema. Mkeka utandikwe, mgeni aitwe, papa arudi mapema. Juma linalofuata, siku ileile na saa ileile, wafanye tena.